Haki kwa Mama Levina

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe 15 Juni 2024, saa tisa alasiri, makaburini, tulipokuwa tunamzika mke wangu Levina. Mwenyewe alikuwa amefariki Alhamisi. Habari za Alhamisi nilizipeleka kwa wanaohusika na wamezikalia. Hapa naandika za Jumamosi.

Naitwa Kasimiri, nakaa Chemchem, hapahapa Tabora. Shule niliishia darasa la nne. Nguvu zangu zote niliziachia stesheni, kupakia na kupakua magunia, mpaka mgongo ulipokataa. Levina alikuwa anauza asali na uyoga mkavu sokoni. Utotoni kwao Puge alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mfupa ukaunga vibaya, mguu wa kushoto ukabaki mfupi. Alichechemea maisha yake yote, na kwa kuchechemea huko alinipita mimi kwa mwendo.

Halafu yupo Kondo. Kondo ni Mzaramo, japo huko pwani kwao amefika kama mgeni tu. Babu yake alikuja huku na wajenzi wa reli, akaoa, akabaki. Ni fundi cherehani. Mashine yake ilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Nikhil, kule Gongoni. Mahali pale alipewa na mzee Bhagwanji, baba yake Nikhil, wakati Nikhil mwenyewe bado anapimiwa kaptura za shule. Mtu akinunua kitambaa ndani, anatoka mlangoni anamkuta Kondo na futi yake shingoni. Nguo zote za Levina alishona Kondo. Upindo wa upande wa kushoto aliupandisha kidogo, ili nguo ikivaliwa ikae sawasawa na ufupi wa mguu usionekane. Hakuambiwa na mtu. Alimtazama tu anavyotembea.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Nitaeleza, maana inaonekana siku hizi wasiojua ni wengi, na hao ndio wenye simu. Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, wakapita kwao. Waligombana nao, wakauziana, wakaugulia mikononi mwao, wakazikana. Mwisho wakaelewana kwamba mtu wa huku na mtu wa kule wakitukanana hakuna kesi. Na mtu akifa, mtani ndiye anayekuja kuvuruga kilio. Anaiba mwiko jikoni, anavaa nguo za marehemu, anamwigiza sauti na mwendo, anashuka kaburini kabla ya mwenyewe. Watu wanacheka na machozi wanayo usoni. Asipokuja, wafiwa wanaulizana wamemkosea nini.

Mimi Kondo ananiita mpagazi. Mimi namwambia Wazaramo kazi yao ilikuwa kukaa barazani kungoja sisi tufike na mizigo, na yeye mpaka leo yuko barazani. Tumeishi hivyo miaka na miaka. Levina naye alikuwa na yake. Siku moja, ilikuwa kabla hajaanza kuumwa, amesimama pale dukani anapimwa gauni, akamwambia Kondo kwamba kuna jambo linamsumbua: analiogopa shimo la kaburi.

"Nikitangulia mimi, mtani, ushuke wewe kwanza," alisema. "Unipimie."

"Nitashuka," Kondo akamjibu na pini ziko mdomoni. "Lakini nikikuta pazuri, sitoki."

Walicheka mpaka Nikhil akatoka ndani kuangalia kuna nini.

Basi Levina akaumwa. Mashine ya kumpimia ilikuwa mbovu. Tukaambiwa turudi Jumatatu, halafu Jumatatu nyingine. Mahali penyewe sipataji, maana nikipataja nitaitwa mimi. Niliandika malalamiko kwa mkono wangu nikayatia kwenye sanduku la maoni pale mlangoni. Sanduku hilo lina kufuli, na kufuli lina kutu. Karatasi yangu nadhani bado imo. Alhamisi Levina akafariki.

Wiki ile ilikuwa ya kuelekea Idi ya kuchinja, kanzu na magauni ya watu yalikuwa yamelundikana mezani kwa Kondo. Jumamosi aliyafunika shuka, akaja msibani. Aliingia ndani kwangu bila kubisha hodi, akatoka amevaa gauni la kitenge la Levina, kitambaa chake kichwani, na kijiko kirefu cha asali mkononi. Akaanza kuchechemea. Alichechemea kutoka nyumbani mpaka makaburini, na kila aliyemkaribia alimgonga vidole kwa kijiko kile, kama Levina alivyowagonga wateja waliochovya asali kabla ya kuelewana bei. Lile gauni halikumkaa. Upande mmoja ulikuwa juu, mwingine unaburuta vumbi, na wanawake waliojua sababu yake walishikana mabega.

Kaburini akashuka. Akalala chali, akanyoosha miguu.

"Nani kachimba hapa?" aliuliza kutoka chini. "Hamkupima. Huyu mama mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi, mngechimba mshazari. Wapagazi nyie, kazi yenu kubeba tu, akili mlimwachia mwenye mzigo."

Watu walicheka. Katekista aligeuka upande akajifanya anatafuta ukurasa. Mimi nilicheka. Tangu Alhamisi nilikuwa sijapumua vizuri, na pale ndipo pumzi ilipotoka.

"Haya, mleteni," Kondo akasema. "Baridi nimeitoa, nyoka nimemfukuza. Nimemwachia siafu wawili wa kugombana nao asije akachoka kukaa kimya."

Akapanda juu. Akavua kile kitambaa cha kichwani, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya jeneza. Halafu akakaa kwenye udongo akalia kuliko sisi wote, na gauni lile mwilini.

Apolinaria, binti wa mdogo wangu, alikuja kutoka Dar kwa ajili ya mazishi. Alikuwa anapiga picha za kutembea kwa simu, apelekee ndugu walioshindwa kusafiri. Kondo alipofika pale pa nyoka na baridi, Apolinaria naye alizidiwa na kilio, akashusha simu. Kwa hiyo kipande chake kinaanza Kondo anachechemea, kinaishia Kondo amelala kaburini na watu wanacheka. Alikituma kwenye kundi la ukoo. Simlaumu. Nani katika ukoo alikitoa nje, hakuna aliyekiri.

Jumapili mchana Apolinaria aliniletea simu. Kipande kile kilikuwa kimefika kwa dada mmoja wa Dar mwenye ukurasa unaofuatwa na watu wengi kuliko wanaokaa Tabora nzima. Maneno ya Kondo yalikuwa yameondolewa, umewekwa muziki wa huzuni. Juu yake ameandika kwamba mzee huyu anamdhihaki marehemu mlemavu mbele ya familia yake, tumtafute ni nani. Wakamtafuta. Kufika alasiri jina lake lilikuwa limejulikana, dini yake imejulikana, na mtu mmoja akaongeza kwamba ni Mwislamu anachezea kaburi la Mkristo. Huyo mtu wala haijulikani anakaa wapi. Hapo ndipo moto ulipowaka kwelikweli.

Apolinaria akanisomea kichwa cha habari walichokuwa wanakipeleka wote: Haki kwa Mama Levina. Kilitanguliwa na ile alama wanayoiita alama ya reli. Nimefanya kazi relini ujana wangu wote, sikujua reli inabeba na hayo.

Nakiri kwamba niliposikia maneno yale moyo uliruka. Haki kwa Mama Levina. Nikadhani kuna mtu amefungua lile sanduku. Nikamuuliza Apolinaria, wamesemaje kuhusu ile mashine?

Aliiweka simu chini.

"Baba mkubwa," akasema, "hawasemi mashine. Wanamsema Mzee Kondo."

Walikuwa wamemtengenezea Levina picha, wamemwekea na mabawa. Kwa sura haikuwa yeye. Watu wa Mbeya, wa Arusha, na wengine walioko Ulaya wakawa wanaandika kwamba wamelia. Sikatai kwamba walilia. Mimi niliuliza tu kama yupo hata mmoja kati yao aliyewahi kununua asali yake, na Apolinaria akasema baba mkubwa, mitandaoni haiendi hivyo.

Jumatatu ikawa Idi. Kondo alichukuliwa akitoka kuswali, amevaa kanzu yake nyeupe. Yalikuja magari matatu. Nayataja kwa sababu Levina alipozidiwa niliomba gari moja, nikaambiwa halina mafuta. Waliomchukua walikuwa na kamera, na mkubwa mmoja akasimama mbele ya kamera hizo akasema serikali haitavumilia udhalilishaji wa marehemu, na mtuhumiwa yuko mikononi mwa vyombo. Kipande hicho nacho kilizunguka. Watu walimpongeza mkubwa yule kwa kuchukua hatua haraka. Sijawahi kusikia mtu anapongezwa kwa haraka katika mji huu.

Nilikwenda kituoni. Nikaeleza kwamba mfiwa ni mimi, marehemu ni mke wangu, na aliyefanya yale ni mtani, alitumwa na marehemu mwenyewe. Askari kijana niliyemkuta zamu alikuwa ni mtoto wa watu, na yeye ni Mgogo, anaujua utani. Alinisikiliza vizuri. Mwisho akafunga mlango.

"Mzee wangu, mimi nimekuelewa," alisema. "Lakini hili limeshafika juu. Likishafika juu huku chini hatuna cha kuelewa."

Kesho yake nikaitwa huko juu. Nilikalishwa kwenye kiti kizuri, nikapewa maji ya chupa. Yule mkubwa aliniita mzee wangu kila baada ya maneno mawili. Akataka niseme mbele ya kamera kwamba familia imeumia na inashukuru kwa hatua zilizochukuliwa. Nikamwambia familia imeumia, ndiyo, imefiwa. Kuhusu Kondo nikasema hivi, na naandika kama nilivyosema: "Mimi nilicheka. Yule mtu ameniondolea mzigo niliokuwa siwezi kuubeba, na kubeba ndiyo kazi yangu. Mfungulieni aende akamalize nguo za watu." Halafu kamasi zikanitoka, nikapenga.

Kilichorushwa ni mimi ninavyopenga. Hakuna neno hata moja. Chini yake wakaandika kwamba mume wa marehemu alishindwa kujizuia.

Apolinaria alikasirika. Alinikalisha uani akanirekodi mwenyewe, nikaeleza mwanzo mpaka mwisho, wapagazi, pwani, gauni, upindo, yote. Akaituma kwenye ukurasa wake. Walioiangalia walikuwa wachache, na katika hao wachache wengine wakasema mzee kalishwa maneno. Mmoja akauliza kwa nini mume alicheka siku ya kumzika mkewe, achunguzwe, huenda kuna kitu alimfanya. Hilo swali likapata watu wa kulipeleka mbele. Shemeji yangu mmoja wa Puge akanipigia, sauti imebadilika, akauliza hivi Levina alikuwa anaumwa nini hasa. Nikamwambia mashine ilikuwa mbovu. Akasema ahaa. Namjua huyu tangu akiwa mdogo, na hiyo ahaa yake sijaisahau.

Kondo aliachiwa Jumatano. Hakuna kesi, hakuna shitaka, tuliambiwa kwamba walimweka ndani kwa usalama wake. Kukamatwa kwake kulirushwa, kuachiwa hakukurushwa. Ndiyo maana mpaka leo wapo wanaoamini yuko jela, na wanafurahi.

Alikwenda moja kwa moja Gongoni kumalizia nguo, ingawa Idi yenyewe ilishapita. Nikhil alimpokea na chai. Siku zote zile simu ya duka haikupumzika; watu wa mbali walipiga kutukana, na picha ya baraza, na mashine ya Kondo ikionekana, ilikuwa imewekwa mtandaoni na maneno kwamba duka hili linafuga wachawi, tusinunue. Mtu mmoja alirusha jiwe. Lilivunja kioo cha pembeni, halikumpata mtu, lakini mke wa Nikhil, Bansari, alikuwa amesimama karibu na pale na mtoto mkononi.

Nilikuwepo. Nikhil alizungukazunguka sana. Alieleza kuhusu kioo, akaeleza kuhusu Bansari, akaeleza kwamba wao kila wakati wanaangaliwa kama wageni japo babu yake alipofariki alichomwa kwa desturi yao hapahapa Tabora. Kisha akasema.

"Mzee Kondo, pumzika kidogo nyumbani. Watu wapoe. Mahali pako papo."

"Na baba yako angesemaje?" nilimuuliza mimi, wala sikuulizwa.

Nikhil alitazama chini. Kondo akanishika mkono akasema tuondoke. Tulibeba ile mashine wawili, mimi mbele yeye nyuma, kutoka Gongoni mpaka Chemchem. Njiani nilimtupia neno. Nilimwambia leo Mzaramo naye amekuwa mpagazi, babu zake wangemwona wangejificha. Nilikuwa nangoja anirudishie. Alisema tu, "Angalia mfereji hapo mbele."

Siku hizi pale barazani pamewekwa friji la soda.

Yule dada wa Dar simchukii. Apolinaria alimwandikia mara kadhaa kumweleza, na mwishowe akajibu kwamba pole sana, hakujua, ataliangalia. Wiki ile alikuwa ameshahamia kwenye jambo la mwalimu fulani wa mkoa mwingine. Ukurasa wake hautoshi kwa mambo yote. Wakubwa wetu hapa nao walijua utani ni nini, wengine wamezika wazazi wao nao wakacheka. Wao ndio ninaowahesabia kosa. Mtu asiyejua ana kisingizio chake. Anayejua akafanya kama hajui kwa kuwa simu inalia, huyo nimtafutie kisingizio kipi?

Mwezi wa tisa kukawa na mkutano. Tuliambiwa ni elimu ya matumizi mazuri ya mitandao. Tulipewa soda, na katikati ya maelezo likapita agizo kwamba vitendo vya utani misibani visimame kwanza mpaka utaratibu utakapotolewa. Nikanyoosha mkono. Nikauliza, kama utani umesimama, na vifo navyo vimesimama? Watu wakacheka, kicheko kifupi, kisha wakatazamana nani anarekodi. Nikauliza la pili: mimi nikifa, nani atashuka? Mwenye mkutano akaandika kitu akasema swali limepokelewa na litafanyiwa kazi. Nikakumbuka lile sanduku na kutu yake.

Mwezi wa kumi na moja akafa Damas, tuliyepakua naye magunia. Mnyamwezi, tena katika watani wa Kondo alikuwa namba moja kwa matusi. Wanawake walijua wanachofanya: mwiko mkubwa wa ugali waliuacha nje, juu ya kinu, karibu na njia, mahali ambapo hata mwizi mvivu angeuona. Koti la Damas walilitundika mlangoni.

Kondo alikuja. Kanzu imepigwa pasi. Aliupita mwiko, akalipita koti, akamwinamia mjane, Dafrosa, akamwambia pole sana, Mungu awape subira. Akakaa mkekani pamoja na wazee, mikono magotini. Alikaa hivyo mpaka tunatoka kwenda makaburini, na makaburini alisimama nyuma. Kaburi la Damas halikupimwa na mtu. Jeneza likateremshwa kwa kamba, udongo ukafuata, watu wakaimba walichoimba. Katika wote waliokuwepo, nadhani hakuna aliyepumua vizuri.

Tuliporudi Dafrosa alinivuta pembeni. Mwiko ulikuwa bado juu ya kinu.

"Shemeji, niambie ukweli," alisema. "Tumemkosea nini?"



Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa Kondo. Anashonea chumbani sasa, karibu na dirisha, viraka vya majirani na sare za shule zilizochanika. Nilikuwa na lile gauni la Levina, ambalo alinirudishia limefuliwa siku alipotoka ndani, na tangu hapo sikujua niliweke wapi. Niliingia bila hodi, nikamwambia mvivu wa pwani, hata kunikaribisha mpagazi wako huwezi?

"Karibu, Mzee Kasimiri," alisema.

Tangu nimjue hajawahi kuniita hivyo. Alivuta kigoda, akanifutia vumbi kwa kiganja, akauliza habari za nyumbani, habari za mgongo. Vizuri kabisa, kama mtu anavyomsemesha mkwe. Nilijibu zote. Mkononi alikuwa na sare ya mtoto, anakata uzi kwa meno.

Niliweka gauni juu ya mashine. Aliligeuza, akauona upindo wa kushoto, akaupitisha vidole mara moja, kisha akalikunja akanirudishia. Nje kulikuwa na wasichana wawili wanapita, mmoja ameshika simu mbele ya uso wake, nadhani alikuwa anajipiga picha mwenyewe. Kondo alisogeza kiti mbali na dirisha.

Ndipo nilipomuuliza lile ninalowauliza wote, wa ofisini na wa mkutanoni. Alikuwa ameshaingiza uzi kwenye sindano, mguu uko juu ya pedeli, mashine haijaanza kutembea.

"Kondo, siku yangu ikifika, shimo langu atalitangulia nani?"